Kivuli cha jiwe ukutani: kishikwambi kimoja, wanafunzi 74 na somo la mchapuko

Kuna kifaa kinaitwa tika-taima. Mwanafunzi wa fizikia hukutana nacho kitabuni akiwa Kidato cha Pili, kwenye mada ya mwendo katika mstari mnyoofu. Ni kijisanduku cha umeme chenye kinyundo kinachogonga utepe wa karatasi mara 50 kwa sekunde, na kila kikigonga kinaacha nukta. Funga utepe kwenye kitoroli kinachoteremka, nukta zitaanza zikiwa zimebanana, halafu zitaachana. Umbali kati ya nukta na nukta ndiyo habari yote ya mwendo. Maswali yake yamejaa kwenye karatasi za mitihani iliyopita, na wanafunzi wangu walikuwa wanayapata: gawa 1 kwa 50, zidisha kwa idadi ya nafasi, tafuta kasi ya mwanzo na ya mwisho, toa, gawa kwa muda, umepata mchapuko, yaani kasi inavyobadilika kila sekunde. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kukiona kifaa chenyewe. Walikuwa wanapiga hesabu za nukta bila kujua kwamba kuna kitu kilipita pale.

Nafundisha fizikia na hisabati katika sekondari ya kata wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, upande ule ambako mashamba ya mtama na alizeti yanapakana na vilima vya mawe. Kidato cha Pili nina wanafunzi 74 katika mkondo mmoja. Chumba cha maabara kipo, chenye rula mbili za mita, mizani tatu za springi, sumaku, nyaya na balbu. Saa ya kupimia muda hakuna. Kisa ninachokieleza ni cha vipindi vitano vya mwezi Julai, na nakieleza kwa urefu kwa ajili ya walimu wenzangu wenye kifaa kimoja na darasa lililojaa. Nusura nilifute jambo zuri kuliko yote yaliyotokea, kwa mkono wangu mwenyewe, na ningependa mwenzangu asifanye hivyo.

Nianze na kilichoshindikana. Muhula uliotangulia niliazima projekta, nikanunua bando kwa fedha yangu, nikapakua video za vitu vinavyoanguka: manyoya na mpira wa chuma ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, vitu viwili vikidondoshwa kutoka juu ya jengo, michoro inayotembea. Tukafunga madirisha, darasa likawa kimya kabisa. Nilitoka nikiwa na furaha. Kesho yake nikaingia na buyu bichi mkono mmoja na jiwe mkono wa pili, nikauliza kipi kitatangulia kufika chini nikiviachia pamoja. Mikono mingi sana ilikuwa upande wa jiwe. Nikawakumbusha tuliyoyaona jana. Kijana mmoja wa nyuma akainuka, akasema kwa heshima tu, bila kunibishia: "Mwalimu, ile ilikuwa kwenye video."

Sentensi hiyo nilikaa nayo wiki nzima. Alikuwa ananiambia kwamba ya video ni ya video, na ya Chamwino ni ya Chamwino. Kilichopita kwenye kioo hakikuwa na deni lolote kwake.

Nukta thelathini kwa sekunde

Kishikwambi ninachotumia ni kimojawapo cha vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo baadaye viligawiwa kwa walimu. Wengi tunaandalia maazimio ya kazi na kusomea vitabu. Kina kamera ya kawaida tu. Siku moja nikiwa nyumbani natazama video ya mtoto wangu akirusha mpira, nikaisogeza taratibu kwa kidole, nikaona mpira unaruka hatua kwa hatua: hapa, hapa, hapa. Nikajua nimeipata tika-taima yangu. Video ni mfululizo wa picha zilizotulia, ambazo kamera nyingi huzipiga 30 kwa sekunde. Kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ni kinyundo kimegonga, na mahali jiwe lilipo ndani ya fremu hiyo ndiyo nukta.

Kuona nukta kulitosha kwangu mimi. Wanafunzi 74 walihitaji kuzishika. Kioo kimoja hakitoshi macho 74, na nilishajua kwamba kukikuza kwa projekta kunanirudisha kwenye sinema. Dawa niliipata kwenye duka la vifaa vya shule: plastiki angavu ya kuvalishia daftari. Unaikata kipande, unaitandika juu ya kioo cha kishikwambi, unaibana kwa vidole isiteleze. Mmoja anasogeza video fremu tatu tatu, mwingine anaweka nukta ya maka peni pale jiwe lilipofika. Ukimaliza, unainua plastiki, na hiyo ndiyo utepe wako. Kishikwambi kinakwenda kundi lingine, utepe unabaki mezani kwenu mkiupima kwa rula ya kawaida na kugeuza vipimo kuwa sentimita za kweli kwa alama za sentimita 10 zilizochorwa nyuma ya jiwe. Nililigawa darasa makundi manane, kila kundi likakaa na kifaa dakika nane au kumi, na muda uliobaki wote kazi ikawa kwenye plastiki.

Nilichagua fremu tatu tatu kwa sababu fremu tatu kati ya 30 ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Hapo hesabu inakuwa tamu. Kitu kinachoanguka hurefusha hatua yake, yaani umbali kati ya nukta na nukta, kila baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na urefu unaoongezeka ni uleule, takribani sentimita 9.8. Haijalishi nukta ya kwanza uliiweka wakati gani tangu kuachiwa. Unapima hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, unatoa moja kwa nyingine, na mchapuko wa uvutano, ule wa mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde, unajitokeza kwenye rula kabla hujaandika kanuni yoyote. Programu ya kuchezea video iliyonisaidia ni ya bure na haihitaji intaneti. Kwa kazi yote hii sikutumia bando hata kidogo, na umeme ulipokatika kipindi cha pili hakuna aliyejali.

"Nani amehesabu hizo thelathini?"

Kipindi cha kwanza tulidondoshea jiwe ndani ya darasa, mbele ya ubao. Tuliandika alama kila sentimita 10 kwa chaki, tukarekodi, makundi matatu yakaweka nukta. Kwa rula, hatua zilikuwa zinarefuka kwa sentimita 15, 16, hata 17. Yaani mchapuko wa mita 15 hadi 17, hapa hapa duniani.

Nikaanza kufanya kile tunachofanya walimu tukibanwa. Nikasema vipimo vyenu havikuwa makini, rudieni. Wakarudia, ikatoka 16. Nikaangalia alama za ubaoni, zilikuwa sawa. Ndipo binti mmoja anayekaa dirishani, asiyependa kusema, akanyoosha mkono nusu.

"Samahani mwalimu."

"Ehee, sema."

"Hizo picha thelathini kwa sekunde, nani amezihesabu?"

Hakuna aliyekuwa amezihesabu. Nilisoma mahali kwamba kamera hupiga 30, nikawaambia, wakaandika. Darasa likacheka kidogo, lakini yeye alikuwa anauliza kweli. Nikamuuliza tungezihesabuje. Akafikiri, halafu akasema: turekodi saa.

Simu haziruhusiwi kwa wanafunzi shuleni, kwa hiyo nilimtuma kiranja kwa mzee wetu mlinzi, na shikamoo nyingi, amwazime kitochi chake, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi. Kitochi kina saa ya kuhesabu sekunde hadi mia za sekunde. Tukakisimamisha juu ya meza, tukakiwasha kihesabu, tukakirekodi kwa kishikwambi mahali palepale jiwe lilipodondoka. Kisha darasa zima likahesabu kwa sauti fremu kutoka sekunde 3 hadi sekunde 5. Tulifika 48. Tukarudia, 48. Kamera yetu ndani ya darasa lile ilikuwa inapiga picha 24 kwa sekunde.

Sababu ni mwanga. Kamera za simu na vishikwambi vingi zikiwa gizani huacha kila picha ikusanye mwanga kwa muda mrefu zaidi, na idadi ya picha kwa sekunde hushuka. Fremu tatu tulizoziita sehemu moja ya kumi ya sekunde zilikuwa 0.125, na kosa hilo linaingia kwenye jibu mara mbili kwa sababu muda unazidishwa kwa wenyewe. Wakaisahihisha hesabu wenyewe, 16 ikashuka ikakaribia 10.

Nimeona walimu wakitupa kifaa kwa sababu kilitoa jibu baya siku ya kwanza. Mimi naona kama lile jibu la 16 lisingetokea, swali la yule binti lisingekuwepo, na wangebaki wanaamini namba 30 kwa sababu mwalimu kasema, vilevile walivyokuwa wanaamini 50 ya tika-taima kwa sababu kitabu kimesema. Tangu siku ile, hakuna aliyeanza kipimo bila kurekodi kwanza kitochi cha mzee.

Nje, saa nne asubuhi

Mwanga ukiwa ndio shida, Dodoma haina uhaba wake. Kipindi cha tatu tukatoka kwenda ukuta wa mwisho wa jengo, unaotazama mashariki, ambao saa nne asubuhi unapigwa na jua lote. Tukarekodi kitochi: fremu 60 kwa sekunde mbili, yaani 30 kamili. Jua lina faida nyingine. Kamera inapopata mwanga mwingi, kila picha hupigwa kwa muda mfupi sana, kwa hiyo jiwe haliachi mkia wa ukungu hata likiwa karibu na ardhi, ambako linakwenda zaidi ya mita 5 kwa sekunde.

Tulichora mistari ya mkaa kila sentimita 10 kwenye ukuta uliopigwa chokaa, tukipima kwa futi ya fundi. Kijana mrefu alipanda juu ya meza, akanyoosha mkono mbali na ukuta ili jiwe lisikwaruze plasta. Kishikwambi tulikiweka juu ya dawati, mita 3 kutoka ukutani, kikishikiliwa na matofali mawili. Upepo wa Julai ulikuwa unapuliza vumbi, na mwanafunzi mmoja kazi yake ilikuwa kufuta kamera kwa kitambaa tu.

Kwanza tukamaliza deni la buyu. Jiwe na buyu viliachiwa pamoja. Tukasogeza fremu moja moja huku wamezunguka kifaa kwa zamu, na kila fremu vilikuwa kwenye mstari mmoja wa mkaa, hadi chini. Yule kijana wa "ile ilikuwa kwenye video" nilimpa yeye ndiye aachie. Alirudia mara nne, ya mwisho akabadilisha mikono. Hakusema kitu, akaenda kuandika. Ilikuwa video vilevile, lakini mkono ulikuwa wake na ukuta ni wa shule yake.

Hapa niseme na jambo lililoniuma. Nilipotazama nyuma siku hiyo niligundua kwamba kishikwambi kilikuwa mikononi mwa wavulana karibu muda wote, na wasichana walikuwa wameshika daftari. Hata yule binti aliyeuliza swali la maana kuliko yote hakuwa amekigusa. Sikuhubiri. Kipindi kilichofuata niliweka utaratibu kwamba aliyeshika kifaa fremu hii, fremu inayofuata anashika maka peni, halafu rula, halafu daftari, na kila nukta inabadilisha mshikaji. Ilichelewesha kazi kwa dakika kadhaa na ilistahili kila dakika.

Kundi la sita

Kipindi cha nne makundi yote manane yalikuwa na plastiki zao. Saba walipata hatua zikirefuka kwa sentimita kati ya 10.1 na 10.9. Kundi la sita lilipata 9.8.

Nilifurahi, nikaenda kuwapongeza, nikainama nitazame plastiki yao juu ya kioo. Nukta hazikuwa kwenye jiwe. Zilikuwa pembeni, chini kidogo. Walikuwa wamefuatilia kivuli cha jiwe ukutani badala ya jiwe lenyewe. Jua la saa nne lilikuwa linakitupa kivuli kama sentimita 20 chini ya jiwe na kidogo upande, na kwa sababu jiwe letu lilikuwa la kijivu na kivuli cheusi tii juu ya chokaa nyeupe, wao walikiona kivuli kwanza.

Nikawaambia: "Hapana, hiki ni kivuli. Futeni, muanze upya." Mmoja akachukua kitambaa.

Kilichowaokoa ni kwamba mwenzake aliikamata plastiki. Akasema, "Mwalimu, lakini sisi ndio tumepata 9.8." Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, la bahati nasibu, la makosa mawili yaliyofutana. Sikulisema, kwa sababu nilikuwa najua 9.8 ndiyo namba sahihi, na sikuweza kueleza kwa nini waliokosea kitu cha kupima wamepata jibu bora kuliko wote waliopatia.

Nikasimamisha darasa zima. Nikawauliza: kivuli na jiwe, kipi kinakwenda mbio zaidi? Kelele zikaanza. Walio wengi walisema kivuli, kwa sababu video inaonyesha wazi kivuli kinafika chini mapema, kinaingia ardhini kabla ya jiwe kutua. Wengine wakasema kivuli hakiwezi kumshinda mwenyewe. Walibishana kwa Kiswahili, wakachanganya na Kigogo walipopamba moto, na mimi nikawaacha. Katika sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, na ripoti waliiandika kwa Kiingereza baadaye, lakini sijaona bado hoja ya fizikia ikizaliwa vizuri kwa lugha ambayo mtoto anaitafuta neno kwa neno.

Ubishi ulihitaji kuonekana na wote. Tulirudi darasani, tukafunga madirisha ya mbao, tukawasha tochi ya kitochi cha mzee. Ukiishika plastiki mbele ya tochi, kivuli cha nukta kinaangukia ubaoni kikiwa kimekuzwa. Mwanzo tochi ilikuwa karibu mno na nukta zikawa ukungu. Tulipoirudisha nyuma kiasi cha mkono, zikatulia, kila nukta ya ukubwa wa punje ya mtama ikawa kama karanga. Tukapachika plastiki ya kundi la sita juu ya plastiki ya kundi la pili, nukta ya kwanza juu ya nukta ya kwanza.

Zilikaribiana. Kivuli hakikuwa na mbio zaidi. Kilianzia chini, basi. Hilo wakalikubali haraka. Lakini kadiri tulivyoshuka, nukta za jiwe zilikuwa zinaziacha za kivuli kidogo kidogo. Ya pili zimegusana, ya tatu zimepishana ukingo, ya tano kuna nafasi inayoonekana. Safu ya jiwe ilikuwa imenyooshwa, kama mtu kavuta mpira.

Walikaa kimya kwa muda. Halafu mwanafunzi wa kundi la sita akainua kidole gumba mbele ya jicho lake, akakielekeza kwenye mwanya wa dirisha. Akasema kidole hiki kinafunika kilima kizima, kwa sababu kiko karibu. Jiwe liko karibu na kamera kuliko ukuta, kwa hiyo linaonekana limepita mistari mingi kuliko iliyopita kweli. Kivuli kiko ukutani, palepale ilipo mistari.

Tulikwenda kuhakiki na rula ya mita. Mkono ulionyooka kutoka mezani uliliachia jiwe sentimita 20 mbele ya ukuta, na kamera ilikuwa mita 3 kutoka ukutani. Tukaisimamisha rula sentimita 20 mbele ya ukuta, tukapiga picha. Mita moja ya rula ilifunika mistari ya sentimita 107. Gawa 10.5 kwa 1.07, unapata 9.8. Nilimwona binti wa dirishani akiandika namba hiyo, akiizungushia mstari mara mbili, akaitazama.

Mimi nina shahada na nimefundisha mada hii miaka kadhaa, na sikuwa nimeliwazia. Miale ya jua inafika sambamba, ukuta umesimama wima, jiwe linashuka wima, kwa hiyo kivuli kinashuka umbali uleule, fremu kwa fremu. Wale wa kundi la sita, kwa kutojua, walikuwa wamechagua kitu pekee kilichokuwa kwenye mstari mmoja na kipimo.

Ninavyokiona kisa hiki

Mwenzangu mmoja niliyemsimulia aliniuliza kwa nini nisitumie programu zilizokwisha kutengenezwa. Ni swali zuri. Nazifahamu PhET, maigizo ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, ambayo ni ya bure na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Naifahamu phyphox, iliyotengenezwa na watu wa RWTH Aachen, Ujerumani, inayogeuza vihisio vya simu kuwa vyombo vya maabara. Nimezitumia zote mbili na nitaendelea. Lakini ndani ya igizo hakuna kivuli ambacho mtengenezaji hakukiweka. Kamera haikuulizwa ichukue kivuli. Ilichukua kila kilichokuwepo mbele yake, pamoja na kile mwalimu alichokuwa amekipuuza. Na kwa kuwa nukta zilikuwa kwenye plastiki mezani, mtoto aliweza kuikamata kwa mkono nilipomwambia afute. Laiti ingekuwa kwenye kioo, ningeshaifuta kwa kidole kabla hajasema.

Nadhani hapo ndipo ulipo ubunifu tunaoutafuta. Kishikwambi kilifanya kazi moja ndogo, kusimamisha mwendo. Kazi nyingine zote zilifanywa na mkaa, plastiki ya daftari, tochi ya mlinzi na ubishi. Galileo, ambaye matokeo yake kuhusu vitu vinavyoanguka yalichapishwa mwaka 1638, hakuwa na saa ya kumtosha, akapunguza mwendo kwa kuviringisha mipira kwenye ubao ulioinama, akipima muda kwa maji yaliyotiririka. Aligundua kwamba hatua zinafuatana kama 1, 3, 5, 7. Nilipowasimulia, kundi moja ambalo nukta yao ya kwanza iliangukia karibu na wakati wa kuachia lilitazama plastiki yao: 5, 15, 26, 36. Wakagawa kwa 5. Walipiga makofi.

Gharama ipo na sitaificha. Mada niliyopangia vipindi viwili ilikula vitano. Mwalimu wa taaluma aliniita, akaniuliza, "Mwalimu, mada zimebaki ngapi, na Upimaji wa Kidato cha Pili ni Novemba?" Ana haki ya kuuliza, na sikuwa na jibu la kumridhisha. Nimelazimika kubana mada ya mashine sahili, na najua wapo watakaoumia hapo. Pia si mada zote zinakubali njia hii. Nimejaribu kuifikiria kwenye umeme tuli na sijapata kitu. Na wapo wanafunzi, kama kumi hivi, waliokuwepo vipindi vyote vitano na bado wanachanganya kasi na mchapuko. Hao nakaa nao jioni na plastiki zilezile.

Swali la tika-taima nililiweka kwenye jaribio la mwisho wa mwezi, nikabadilisha kidogo: nikachora utepe ambao nukta zinaanza mbali zinaishia karibu, nikauliza kitu hicho kilikuwa kinafanya nini. Zamani swali kama hilo lilikuwa linarudi na hesabu ndefu na jibu hasi lisiloelezwa. Safari hii karatasi nyingi zilikuwa na sentensi. Wengine waliandika kitoroli kinafunga breki. Mmoja aliandika ni jiwe lililorushwa juu, akachora na mkono ulioliachia.

Plastiki nane ziko kwenye bahasha kabatini, kila moja na majina ya walioishika. Ya kundi la sita ina alama ya kitambaa kwenye kona, pale kufuta kulipoanza. Wiki iliyopita wameniletea swali jipya kwenye karatasi: ukuta wa nyuma ya choo cha walimu umeinama kidogo, je, kivuli kikishuka juu yake hatua zitarefuka kwa 9.8 ileile? Nimekaa na kalamu jioni mbili, nimepata jibu ninaloliamini. Sijawaambia. Ukuta huo unapata jua kuanzia saa tisa alasiri, na mzee ameshakubali kutuachia kitochi.